Mwinuko wa Bondeni

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya. Mwonjaji wa kiwanda cha mvinyo amekuja kukagua mashamba. Mama mrefu, kofia pana, pua ya kuogopwa. Ameanzia kilimani kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye mimi humwita Bwana Kilele. Moyoni tu; mdomoni namwita shemeji. Alichuma zabibu moja huko, akafumba macho, akatulia kama mtu anayesikiliza habari njema. Kisha akashuka bondeni kwangu. Akachuma moja, akatafuna, akaomba maji.

Nilimwambia zangu na za shemeji ni ndugu kabisa. Vipandikizi vya shina moja, baba yangu na baba mkwe waligawana. Akakubali, ila akasema zimelelewa nyumba tofauti. Akaanza kueleza papo hapo, mbele ya mke wangu na mbele ya Bwana Kilele, aliyekuwa ametufuata makusudi. Kule juu mchana jua kali, usiku baridi. Jua linaleta sukari, baridi inalinda ule uchachu unaoupa mvinyo uhai. Udongo wake ni mawe matupu, maji yanapita, mzizi unahangaika kwenda chini, zabibu inabaki ndogo na ladha inajikusanya. Kwangu udongo ni mweusi, mnono, umeshiba maji. Mizabibu inaota majani tu. Zabibu kubwa, ndani maji. Akamalizia kwa upole: "Mizabibu yako inaishi kwa raha mno, baba." Bwana Kilele akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Zisipofikia kiwango, kiwanda hakitachukua tena zabibu zangu. Si mwaka huu tu. Kabisa.

Mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema taratibu tu kwamba kiwanda kikikataa tunang'oa mizabibu yote na kupanda kabichi, udongo wa bonde unapenda kabichi. Ana haki, na hilo ndilo linaniuma. Baba alipanda mashina yale kwa mikono yake, mimi mtoto nimemshikia kamba ya kunyooshea mistari. Nimekaa kitandani nikasikia machozi yanakuja. Nimeyazuia. Mtu mwenye akili kama zangu halii. Anapanga.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata! Mawe.

Shemeji anayo mengi, mimi sina hata moja. Basi mawe yahame. Asubuhi nimepanda kilimani nikamwambia naona anavyoteseka, majembe yanavunjika kila msimu, na mimi kama mume wa dada yake siwezi kukaa nikatazama. Nitamwondolea mawe yote ya juu. Bure. Alinitazama muda mrefu. Akauliza kama nimeanguka mahali hivi karibuni nikagonga kichwa. Kisha akaniazima toroli la pili.

Nimebeba mawe kutwa. Kushuka kilima na toroli lililojaa mawe si kubeba, ni kukimbizwa. Mara kadhaa toroli lilifika nyumbani kabla yangu. Bwana Kilele alikaa kivulini na kikombe cha chai, akininyooshea kidole kila jiwe nililolisahau. Mke wangu akataka kujua iweje nimfanyie kaka yake kibarua wakati bomba la jikoni linavuja tangu mwaka jana. Nikasema undugu ni kusaidiana. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jioni nimetandaza mawe yote chini ya mizabibu. Yamependeza kupita kiasi. Ukichuchumaa na kufumba jicho moja, bonde ni kilima kitupu. Mgongo umekwisha, ila roho imetulia.

Ijumaa, 12 Septemba

Mawe hayapo.

Jana mvua ilinyesha, na udongo wangu umeyala. Nimechimba kwa mkono hadi kiwiko, nimepata moja. Yaliyosalia yaliviringika hadi kwenye mfereji wa kutolea maji, yakauziba. Shamba limekuwa beseni. Nimeingia kati ya mistari nikatoka bila viatu. Zabibu nazo zimekunywa hadi zikavimba. Nimeigusa moja ikapasuka na kunirukia jichoni.

Bwana Kilele hana shida yoyote. Anasema jembe sasa linaingia laini, na chini ya yale mawe yapo mengine hadi katikati ya dunia. Amenishukuru mbele za watu dukani. Wote wakanipa mkono. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Sikulaza damu. Mwonjaji alisema mizabibu mizuri huhangaika, na yangu inadeka. Dawa ni kuitesa. Nimeanza kunyofoa majani ili jua liichape moja kwa moja kama kule juu. Nimemaliza mistari miwili mizima, najiona mtaalamu. Mke wangu akatoka, akasimama, akauliza kwa nini mizabibu iko uchi. Nikamweleza habari ya mateso na sukari. Akasema mateso anayajua, ameolewa nayo.

Alasiri zabibu za mistari ile zilikuwa zimebabuka. Upande mmoja kahawia, ngozi kama kiatu cha zamani. Nimeacha kutesa kwa sasa.

Jumapili, 14 Septemba

Nimefikiri wakati wa kunyoa, ndipo mawazo yangu bora hunijia. (Nimejikata mara mbili.) Nilikuwa nashughulika na udongo wakati siri yenyewe ni baridi ya usiku! Kilimani ipo kwa sababu ya mwinuko. Bonde siwezi kuliinua. Lakini baridi inanunulika.

Muuza samaki wa sokoni ana barafu. Nimemwomba magunia ya kutosha, nikamwambia tuna shughuli nyumbani. Akauliza shughuli gani. Nikamwambia ya kifamilia. Akanipa pole, sijui alielewa nini. Jioni nimeweka bonge moja chini ya kila shina, mstari baada ya mstari, mpaka barafu ikaisha. Nimesimama katikati na meno yanagongana. Ubaridi mtamu. Ubaridi wa kilele hasa!

Mke wangu ametazama kutoka dirishani. Akafunga pazia.

Jumatatu, 15 Septemba

Paka.

Paka wa mtaa mzima, na wengine sijawahi kuwaona. Ile barafu ilikuwa imelaza samaki wiki nzima, na ilipoyeyuka iliacha harufu yake. Nimekuta kila shina lina paka wake analilamba. Nimewafukuza upande mmoja wakarudi kwa upande mwingine. Nimeonja zabibu. Sitaki kueleza.

Si hilo tu. Nilikuwa nimeazima kipimajoto cha shemeji ili nijivunie, na alfajiri nimepima kwangu kisha nikakimbia nikapima kwake. Bondeni ni baridi kuliko kilimani. Hata kwenye mistari isiyopata barafu! Nikamwambia Bwana Kilele kipimajoto chake kibovu.

Amecheka hadi akashika ukuta. Akaeleza, huku akijifuta machozi, kwamba usiku hewa ya baridi ni nzito, huteremka mteremkoni polepole na kujaa bondeni kama maji kwenye bakuli. Yeye kila asubuhi husimama mlangoni na shati jepesi, akatazama paa la nyumba yangu ndani ya ukungu, akamwonea dada yake huruma. Ninachokosa mimi si baridi. Ni upepo wa kukausha majani na jua la mapema, maana ukungu hauniachii mpaka karibu saa nne. Nimenunua kitu ninachopewa bure kila usiku.

Nikamwambia najua hayo yote, nilikuwa nampima yeye. Nimeteremka na shingo juu. Nikateleza pale penye mawe mapya.

Jumanne, 16 Septemba

Nimechoka na maumbile. Hayashauriki. Udongo una kiburi, baridi ina kiburi. Wanadamu ni rahisi zaidi.

Mpango ni huu, na ni safi. Mwonjaji anataka kuona zabibu za kilimani. Atazikuta bondeni. Nitachukua vichala vya Bwana Kilele na kuvifunga kwenye mizabibu yangu kwa uzi, mstari wa mbele tu, pale atakapoanzia. Akionja viwili vitatu atafumba macho, atatia saini, mizabibu ya baba itapona. Mwakani nitafikiri kingine.

Tatizo lilikuwa kuvipata. Siwezi kumwambia Bwana Kilele kweli, na wizi sifanyi, mimi ni mtu wa heshima. Nikamwambia vinatakiwa na dada yake. Siku hizi ana hamu, nikasema. Usiku hapati usingizi, anataka zabibu ndogo zenye uchachu, za kilimani tu, zangu akiziona anageuza uso.

Hakunibishia hata kidogo! Aliweka jembe chini. Akanitazama, akanikumbatia, akanipiga mgongoni pale pale panapouma. Macho yake yalikuwa na maji. Akanijazia matenga mawili ya vichala bora kabisa na kunisindikiza hadi njiani akisema nimtunze, asibebe vitu vizito. Sikujua ni mtu wa huruma namna hii. Nimeona haya kidogo. Yakapita.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama mkwe amekuja. Na sanduku. Na mablanketi madogo, ya rangi ya waridi na ya bluu kwa sababu hakuna ajuaye.

Ilinichukua muda kuelewa. Mke wangu hakuchukua muda wowote. Alimsikiliza mama yake hadi mwisho, habari za hamu na zabibu chachu na baraka za uzeeni, kisha akanigeukia polepole. Kitinda mimba wetu anaota ndevu. Nikajitia kutafuta kitu chini ya kiti.

Amemwambia mama yake kwamba hana mimba. Mama mkwe akatabasamu na kusema hata yeye mwenyewe alikuwa akikataa hivyo hivyo. Ameambiwa mara ya pili na ya tatu. Ndiyo kwanza akamwekea mto miguuni. Baadaye jikoni mke wangu ameniuliza, kwa sauti ndogo ambayo naiogopa kuliko kelele, zabibu za kaka yake zina kazi gani stoo. Nimemwambia ukweli wote. Akasema yeye pia anaipenda ile mizabibu, kama nilikuwa sijui hilo, ila hawezi kula majani. Na kwamba nifanye nitakalo mpaka Jumamosi, kisha anachukua jembe. Nilitamani ardhi inimeze kama ilivyomeza mawe.

Nimekwenda shambani kujifariji. Nikafika hadi kona ya mwisho, kule kando ya kijito, kwenye mchanga mchanga ng'ambo ya mfereji. Kule sikuwa nimefika wiki zote hizi. Mawe yaliniishia, barafu iliniishia, mgongo uliniishia. Loo! Kuvu! Zabibu za kona nzima zimeota manyoya ya kijivu, zimesinyaa, zina makunyanzi kama za kutoa kaburini. Mwonjaji akiona ugonjwa huu atapiga marufuku shamba zima.

Nimechukua mablanketi ya mama mkwe. Nilisema nayafua. Nimeyaanika juu ya mizabibu ile yote, ya waridi na ya bluu, kuficha. Mama mkwe alipoona nafua nguo za mtoto kwa mikono yangu akalia kwa furaha.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimefunga vichala asubuhi yote. Kazi ya mkono mwororo. Uzi mweusi uliisha, nikamalizia na mwekundu, lakini nimeuficha nyuma ya majani. Nimerudi hatua chache nikatazama. Hata mimi ningedanganyika. Nimejipongeza kwa kulala mchana.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Mwonjaji alifika na Bwana Kilele nyuma yake, mama mkwe nyuma ya Bwana Kilele, mke wangu mwisho na jembe. Jembe kweli. Nikampeleka Mwonjaji mstari wa mbele. Akatazama vile vichala vidogo vya dhahabu kati ya majani yangu mapana, akanyanyua nyusi. Akakishika kimoja. Kikamfuata mkononi chote, bila kukivuta, na uzi mwekundu ukining'inia. Kikonyo kilikuwa kimekauka kitambo.

Bwana Kilele akakisogelea. Akakipindua. Akasema hiki ni chake, anawajua watoto wake. Akaninyooshea kidole kwa jina la dada yake, la mama yake na la mtoto atakayezaliwa. Mke wangu akasema hakuna mtoto atakayezaliwa. Mama mkwe akasema asiwe na hasira, si vizuri kwa mtoto.

Mimi nilikuwa nimekwisha. Nikaangalia mashina ya baba nikaona kabichi tupu. Nikamwambia Mwonjaji anisamehe, sina la kumwonyesha tena, hakuna haja ya kwenda kule kwenye mablanketi. Nikarudia mara mbili kwamba kule kwenye mablanketi hakuna kitu.

Akaenda moja kwa moja kwenye mablanketi.

Akainua la bluu. Akainama. Nikafumba macho mimi. Nilipoyafumbua alikuwa amechuma ile mbaya kuliko zote, yenye manyoya, na kuitia mdomoni! Mama mkwe akapiga ukunga. Mwonjaji akatafuna, akasimama, na yale macho yake yakafumba. Yakakaa yamefumba muda mrefu kuliko kule kilimani. Bwana Kilele aliona. Niliona kwamba ameona.

Ndipo Mwonjaji akaeleza. Asubuhi ukungu wa bondeni unaamsha kuvu hii. Mchana jua na upepo wa kijito vinaikausha isije ikaozesha. Ikipata vyote viwili, inatoboa ngozi vitundu vidogo, maji yanatoka, sukari na ladha vinabaki vimejibana ndani. Hutoa mvinyo mzito, mtamu, wa kunywewa kwa vikombe vidogo. Kilimani haiwezekani hata kidogo, kule ni kukavu mno. Bwana Kilele akauliza kama ana uhakika. Akasema ana uhakika. Amekuwa akitafuta bonde la namna hii kwa miaka, ila wenye mabonde huyatibua kwa kuhangaika. Akaniuliza kona hii nimeitendea nini. Nikasema kweli kwa mara ya pili wiki hii: sikuitendea chochote.

Kiwanda kinachukua kona nzima. Wachumaji wanakuja Alhamisi, zikizidi kusinyaa kidogo. Mwakani kitachukua tena, na mizabibu iliyobaki niipunguze majani kwa kipimo, nizibue mfereji, itafika. Mistari miwili niliyoivua nguo ndiyo itakuwa kabichi. Sharti lake ni moja. Mpaka Alhamisi nisiguse. Sio jiwe, sio jani, sio uzi. Kazi yangu ni kukaa. Akanitaka niahidi mbele ya mke wangu na mama mkwe. Nikaahidi. Nikalia kidogo, na sikuyazuia. Mke wangu akaegemeza jembe ukutani, akanishika mkono. Bwana Kilele akasema ana kazi nyumbani.

Jumatatu, 22 Septemba

Furaha tele. Nimekaa kama nilivyoambiwa. Jana nimekaa kutwa nzima. Bwana Kilele amepita mara mbili, anajitia anamtafuta mbuzi. Hana mbuzi. Nimempungia mkono bila kuinuka.

Mama mkwe bado yupo. Ameambiwa na kila mtu, na sasa anasema basi atakaa tu mpaka ijulikane.

Ukikaa, unafikiri. Leo asubuhi nimeutazama ukungu unavyokuja, unavyolala juu ya zabibu zangu, na saa nne huyo unakwenda zake. Mapema namna ile! Sasa, ikiwa ukungu wa asubuhi peke yake umeleta utamu wa kumfumba macho Mwonjaji, ukungu wa kutwa utaleta nini? Hata mtoto anaweza kulijibu hilo. Alisema pia jambo fulani kuhusu jua la mchana na kukausha, lakini wataalamu hupenda maneno mengi.

Nimeazima mapipa manne nikayapanga kando ya kijito, nimeyajaza maji, kuni ziko chini. Alfajiri nayawasha, na mvuke utakaa juu ya kona ile hadi jioni, kesho, keshokutwa, hadi Alhamisi wachumaji wafike. Mke wangu ameuliza mapipa ya nini. Nimemwambia ya kufulia. Akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba nimeahidi kutogusa.

Na sitagusa. Mvuke hauna mikono.